Jina la Hudak

Stefan Hudak alikuwa na sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Alianza kwa kutangaza mabondia ulingoni, akapanda hadi Hollywood, na kwa miaka kumi na miwili Amerika nzima ilimsikia kila Jumatano akiisifia sabuni ya Lilo katika kipindi cha vichekesho. Lakini redioni aliitwa Steven Hale. Wenye sabuni, ambao ndio waliokilipia kipindi, walisema Hudak ni jina la wachimba makaa; nani anunue sabuni kwa mtu wa masizi? Akakubali. Kijana ana njaa, angefanyaje?

Mama yake, Zuzana, alibaki mashariki, Scranton, mji wa makaa, alikomzika mumewe aliyeangukiwa na mgodi. Kila Jumatano aliwaambia majirani, "Huyo ni Stefan wangu."

"Hale ndiye mwanao?" Mama Kolarik alimcheka. "Basi na mimi rais ni shemeji yangu!"

Watu wana midomo, jamani. Yule mama aliitwa mwongo miaka yote hiyo.

Jumatano moja ya baridi, dada yake Stefan, Vera, akampigia simu asubuhi.

"Mama yu taabani, kaka. Hata ukipanda treni hutamkuta. Anaomba kitu kimoja tu. Leo utaje jina lako. La baba."

"Vera, watanifukuza!"

"Mara moja tu. Majirani nimewaita, atakuwa nao."

Stefan akavuta pumzi. "Mwambie nitalitaja."

Siku zile kipindi kilichezwa mara mbili, palepale hewani, bila kurekodiwa. Saa kumi jioni kilichezwa kwa watu wa mashariki, ambako kulikuwa kumeshaingia usiku. Halafu saa moja kikarudiwa, neno kwa neno, kwa watu wa magharibi.

Saa kumi Stefan alisimama mbele ya kipaza sauti kavaa suti nyeusi na tai ya kipepeo. Redioni! Lakini ndivyo kampuni ilivyotaka. Nyuma ya kioo alikaa Bwana Prentiss wa sabuni, mikono kaikunja. Watu walicheka, muziki ukapigwa, mwisho ukafika.

"Nami mtangazaji wenu..."

Jina likamfika kooni. Akamwona Prentiss akimkazia macho.

"...Steven Hale, nawaaga."

Taa nyekundu ya kuonyesha wako hewani ikazimika. Akajifariji kwamba walau sauti mama kaisikia. Mwoga hakosi sababu.

Akakimbilia simu ya ukumbini. Vera alipokea akilia.

"Aliwanyamazisha wote, kaka. 'Sasa sikilizeni,' akasema. Wakasikiliza."

"Kisha?"

"Akatabasamu. 'Amesahau,' akasema. 'Jumatano ijayo atataja.' Mama Kolarik, yule yule, akamshika mkono, 'Ni yeye, Zuzana, nimemsikia, ni Stefan wako.' Sijui kama mama alimsikia. Ameshatutoka, Stefan."

Stefan akaegemea ukuta akalia kama mtoto, wapiga tarumbeta wakimpita kwenda kula.

Saa moja taa nyekundu ikawaka tena. Alisoma kila neno la sabuni, wala hakukosea hata moja. Mwisho ukafika.

"Nami mtangazaji wenu ni Stefan Hudak," akasema. "Mwana wa Zuzana na Juraj Hudak, wa Scranton. Lala salama, mama."

Wapiga muziki wakatazamana. Prentiss akakipiga kioo ngumi, na kabla Stefan hajavua tai alikuwa ameshafukuzwa. Hakubisha. Aliuliza tu treni ya mashariki inaondoka saa ngapi.

Jina la Hudak lilisikika California na Oregon, kwa watu walioulizana, "Ndiye nani huyo?" Halikufika Scranton. Kule Vera alikuwa ameshafunika vioo vyote vya nyumba kwa vitambaa vyeusi, kama wafanyavyo kwao penye msiba, na kwa kitambaa kilichobaki akaifunika redio.