Uzi Uleule wa Kijani

...ndiyo au hapana, hakuna kisanduku cha tatu, waliotunga fomu hii ofisini walimaliza kazi yao, cherehani ya mradi ikionekana kwa macho mkaguzi aweke alama kwenye ndiyo, mradi umefanikiwa, aende nyumba inayofuata, na cherehani hii hapa ipo, jamani, imepanguswa mpaka inang'aa... lakini ule uzi. Uzi wa kijani sindanoni, uleule wa mwaka jana, anaukumbuka kwa sababu alikaa kiti hikihiki akaisifia rangi yake, loo, na mdomo wake huo, kisha akatia ndiyo harakaharaka maana jua lilikuwa kali na nyumba zilikuwa zimebaki kumi na moja... "Kalamu imekauka, mwanangu?" fundi anauliza, "Hapana, mama, nafikiri tu," nafikiri nini na mimi, anafikiri ile ndiyo yake ilikwenda wapi, si ilipanda ofisini, ikajumlishwa na ndiyo za wenzake, bosi akapigiwa makofi mkutanoni, mtaa ule unafanya vizuri, ongezeni cherehani thelathini, zikaja, kila mlango cherehani, kila mama fundi, sasa nani amshonee nani? na huyu ndiye aliyekuwa fundi wa mtaa mzima kabla ya mradi, miaka ishirini, sare zote za shule zilipita mikononi mwake, wala hakuomba msaada wa mtu... akiandika hapana watakuja na gari kuibeba cherehani hii, na ile kuukuu ya mama ilishakufa, atabaki na mkasi tu, akiandika ndiyo wataleta nyingine thelathini, Mungu wangu, nifanyeje mimi... "Andika inafanya kazi, wasije wakaichukua," mama anasema kwa sauti ya chini, halafu, "au ngoja, nisikutie dhambini bure, hebu simama nikupime," na futi tayari kaivua shingoni, "nakushonea gauni leo leo, wewe ndiye mteja wangu wa kwanza tangu siku ile ulipokuja," na anacheka, anacheka kweli, na mkaguzi katika gauni lake la dukani anasimama, ananyoosha mikono kama mtoto anayepimwa sare, kalamu bado vidoleni, visanduku viwili bado vitupu, "Tulia basi, usijikunje," futi inapita begani, inashuka mpaka kiganjani, na mkono unaopimwa ni huuhuu ulioitia ile alama.