Sare Hushonwa, Haipiganwi

Baba yangu na mdogo wake walikuwa na ubishi mmoja uliodumu kuliko ndoa nyingi za mtaa wetu: kama Gogo na Sindano wangekutana ulingoni, nani angebaki amesimama? Gogo alikuwa bingwa wa enzi za ujana wao, zama za raundi kumi na tano, mtu wa kupigwa konde akageuka kutazama nani kapiga. Sindano ni bingwa wa siku hizi, mwepesi, anadonoa na kuondoka kabla hujajua umedonolewa. Gogo alitundika glovu kabla Sindano hajazaliwa, kwa hiyo pambano lenyewe haliwezekani, na ndiyo maana wazee wangu waliweza kulipigana kila siku.

Walilipigana kazini. Duka letu la ushonaji ni chumba kimoja kirefu: mlangoni cherehani ya Baba, katikati meza ya kukatia ya Baba Mdogo, na mwisho kabisa, karibu na pasi, mimi na vifungo vyangu. Baba Mdogo alikata kitambaa huku akieleza jinsi Sindano angemzungusha Gogo mpaka ashikwe na kizunguzungu. Baba alikanyaga cherehani akijibu kwamba mwenye kuzunguka ndiye huchoka. Wakishafika kwenye raundi, basi tena, chai inapoa. Baba Mdogo alitaka kumi na mbili, sheria za leo, maana hapo Sindano angekuwa anaongoza kwa pointi. Baba hakukubali chini ya kumi na tano. Raundi ya kumi na tatu, alisema, ndipo Gogo anapoamka.

Mteja mmoja aliyekuja kupunguziwa suruali aliwasikiliza weee, akachoka, akasema basi wangetoka sare. Baba alisimamisha cherehani.

"Sare hushonwa," alimwambia, "haipiganwi."

Mteja akacheka akidhani ni utani. Haukuwa utani. Sisi tunakula kwa sare, za shule, za walinzi, za wauguzi, lakini neno hilohilo likiingia kwenye ngumi Baba hulichukia kama deni. Kwake yeye mtu hutoka ulingoni na mkanda au hutoka bila mkanda, na nusu ya mkanda ni kamba ya kufungia mizigo.

Ubishi wao ulikuwa na mipaka yake, mpaka siku Baba alipoiruka. Baba Mdogo alikuwa amesema Gogo ni ukuta tu, na ukuta haujawahi kushinda pambano. Baba hakuinua hata macho.

"Mkimbiaji humpenda mkimbiaji mwenzake," alisema. "Mama alipokuwa anaumwa, wewe ulikuwa wapi?"

Mkasi ukanyamaza. Nyumbani kwetu wote tulijua Baba Mdogo alikuwa wapi. Alikuwa mbali, kwenye kibarua, na habari zilimfikia bibi akiwa ameshazikwa. Tulijua pia kwamba jambo hilo halisemwi. Aliuweka mkasi juu ya meza, akachukua kofia yake, akaniaga mimi peke yangu, akaenda zake.

Kesho yake hakuja, wala siku zilizofuata. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa na majora ya kitambaa cha buluu yalikuwa yamefika kiunoni mwangu, kwa hiyo Baba akaamua kukata mwenyewe. Sasa, Baba ni fundi wa mshono, lakini mkasi na yeye hawaelewani. Alinitolea shati lenye mikono miwili ya kushoto. Nikamuuliza kama ni la bondia wa mashoto. Hakucheka, na hapo nikajua hali ni mbaya. Alimkumbuka mdogo wake. Alimkumbuka sana, ila hakuwa na mlango wa kupitia kwenda kulisema.

Nilimshauri aende akaombe radhi. Akasema mkubwa haendi, huendewa. Nikamwambia basi naenda mimi, nimwambie nini? Alikuwa anapinda pindo, pini zimejaa mdomoni, maana hizo pini huzitumia kwa kitambaa na kwa maongezi asiyoyataka.

"Mwambie ni sare," alisema kupitia pini.

Nilimwelewa. Alitaka nimwambie kazi iliyolala ni sare za watoto, na kila mtu anajua Baba Mdogo hawezi kumwacha mtoto aende shule na shati la nyumbani. Niliuona ujumbe mkavu kweli, lakini mjumbe hauawi, nikaenda.

Nilimkuta chumbani kwake anapiga pasi shati ambalo halikuwa na safari. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za kila mtu isipokuwa kaka yake. Nikamwambia, "Baba kasema ni sare."

Pasi ilisimama. "Kaka kasema sare?"

"Ndiyo."

"Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake," nikajibu, na pini sikuzitaja.

Hapo nilimtazama machoni nikaelewa kwamba amesikia neno jingine. Neno moja tu kutoka kwangu lingemrudisha kwenye majora ya buluu. Lakini nilikuwa nimechoshwa na wazee hawa, na duka bila sauti yao lilikuwa linanitia huzuni. Nikalimeza. Akasema nimsubiri achukue kofia.

Njia nzima niliwaza jambo moja. Baba akikosea jibu safari hii, Baba Mdogo hatakanyaga tena dukani, na mimi ndiye niliyekuwa nampeleka.

Baba alikuwa kwenye meza ya kukatia, akipambana na suruali. Baba Mdogo alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Kaka, nimeambiwa umesema ni sare."

Baba aliyatazama majora. Akanitazama mimi, nami nikatazama vifungo. Si mjinga baba yangu, niliona anang'amua taratibu alichokituma na kilichofika. Alitoa pini mdomoni mojamoja, akazichoma kwenye kijimto chake, na hakuharakisha hata kidogo.

"Nimesema," akajibu.

Akampisha mezani. Baba Mdogo aliliona lile shati la mikono miwili ya kushoto, akaliinua, akalirudisha bila neno. Kwa jinsi ninavyoujua ulimi wake, ile ilikuwa huruma kubwa. Akashika mkasi, akaupima mkononi.

"Raundi ya kumi na tatu Gogo angemkalisha chini," alisema. "Hilo nakupa."

"Angeinuka," Baba alisema, akiwa ameshakaa kwenye cherehani, ametugeuzia mgongo. "Sindano angeinuka."

Baba Mdogo alitandaza kitambaa, akakilaza vizuri kwa viganja, akakilaza tena hali hakikuwa na mkunjo.

"Kaka, lile la mama..." alianza.

Baba hakugeuka. Nikiwa kwenye vifungo vyangu niliona kiwiko chake kikipanda, anajifuta uso kwa kiganja, chapuchapu, kama anayefukuza nzi.

"Sare ni sare," alisema. "Kata, watoto wanasubiri."