Farasi Nyumbani kwa Bi Hadia

Rufus Ndirangu, karani wa ofisi ya serikali pale Faza, alikuwa mtu mzima mwenye ndevu zake, na bado alicheza na farasi. Tusimcheke sana, kila mtu ana lake. Mzungu mmoja wa ofisini, alipofungasha kurudi kwao mwaka ule wa uhuru, alimwachia sanduku la vipande vya madini ya risasi: farasi nusu nusu, askari wasio na mikono, mapanga membamba kama miiba ya samaki. Tangu hapo, kila akitoka kazini, Rufus alijifungia katika chumba alichopanga kwa Bi Hadia, akakwangua vipande kwa tupa, akaviunga kwa gundi, akavipaka rangi kwa burashi ya nywele chache. Farasi wa kweli hakupata kumwona kwa karibu. Aliowaona kila siku ni punda wa Faza, basi farasi wake wote walipata ule mstari mweusi wa punda begani, naye akaridhika kabisa.

Ilibaki kuwasimamisha juu ya vibao vilivyopakwa gundi na kunyunyiziwa mchanga. Mchanga wenyewe unataka kuchekechwa. Rufus akachukua chujio la chai jikoni bila ya kuomba, kisha akalirudisha bila ya kuliosha vizuri.

Alasiri ile Bi Hadia alipiga funda moja la chai, akatema.

"Rufus! Mtanga huu watoka wapi?"

Mjane huyu ndiye aliyempikia, akamuuguza homa, akamwita mwanangu mbele ya majirani. Rufus hakuweza kumdanganya. Akamfungulia mlango wa chumba. Farasi walikuwa wamepangwa dirishani wakikauka, na askari wao migongoni.

"Astaghfirullah! Sanamu!" Bi Hadia alishika kifua. "Mwanangu, nyumba yenye sanamu malaika hawangii. Na kesho watu waya kusoma Kurani papa hapa. Watoke hawa, au mtoke pamoya."

Aliyasema hayo huku macho yamemjaa machozi, na hilo ndilo lililomuumiza Rufus. Chumba kingine angekipata. Mama mwingine angemtoa wapi? Wake alikufa yeye akiwa mdogo.

Asubuhi alitoka uani na koleo. Aliwahi kusikia kwamba sanamu ikikatwa kichwa haihesabiwi tena kuwa sanamu. Akaanza na farasi mwekundu aliyetoka naye mkononi, yule aliyemsumbua kumuunga kuliko wote, akamkaba shingo kwa koleo. Risasi ni laini, ingekatika mara moja. Mkono ukakataa. Akajaribu tena, machozi yakamlenga, akaona haya, jitu zima linalilia farasi.

Bi Hadia alikuwa akimtazama kutoka mlango wa jikoni.

"Ngoja," akasema. "Ngoja kwanza. Bibi Aisha, mkewe Mtume, alikuwa na farasi wake wa kutezea, mwenye mbawa za kitambaa. Mtume alimwona, akafurahi. Vitu vya kutezea havina neno."

"Lakini humu hamna mtoto wa kuwachezea, Bi Hadia."

"Hamna. Na wakikaa dirishani kuwa pambo, ni sanamu vile vile. Sharti watezewe."

Alitandika mkeka, akaketi kwa taabu kwa ajili ya magoti yake, akanyoosha mkono. Rufus akampa farasi mwekundu. Bi Hadia akamwangalia huku na huku, akamweka kwenye ukingo wa mkeka, akaanza kumwendesha polepole, akimgongea ulimi, "Twende, twende, Siyu mbali." Ukingo ulipokwisha akamgeuza, akamrudisha mbio. Alicheka peke yake.

"Nalitolewa mtezoni nikaozwa," alisema bila ya kuinua macho. "Mwana wangu wa kutezea, wa matambara, nalimwata kwa mamangu, hata kumuaga sikumuaga."

Rufus akamkodolea macho.

"Wanitunduliani?" Bi Hadia akamwambia. "Mlete na yule mweusi. Huyu hendi Siyu pekee."

Rufus aliweka koleo chini, akamfuata farasi mweusi chumbani, kisha akaketi upande wa pili wa mkeka.