Wiki Sita za Kumlisha Dada

Jumanne, tarehe kumi na nne Mei, ndiyo siku mambo yalipoharibika. Mke wangu alikuwa awekewe nyonga ya bandia, hajala tangu jana yake. Saa nane mchana hospitali wakasema mashine mbovu, kesho. Kesho ikawa keshokutwa. Kila jioni wanamwambia asile, kila mchana wanaahirisha. Ijumaa ndipo wakampasua, mwepesi kama kanga iliyokauka. Kidonda kikagoma kufunga. Wakubwa wa hospitali wakaniambia ni bahati mbaya. Nilimzika Julai.

Mwaka huu dada yangu mkubwa akaandikiwa goti la bandia. Dada ana mwili, basi akaanza kujinyima apungue: asubuhi chai kavu, usiku chai kavu. Vipimo vilipotoka, mama wa lishe akasema protini imeshuka sana, akipasuliwa hivyo kidonda kitasumbua. Akampa wiki sita za kula kwanza.

Dada akacheka. "Mimi huyu nina njaa? Mlango wenyewe napita ubavu!"

"Mafuta unayo, mama," yule wa lishe akamjibu. "Cha kuziba kidonda ndicho huna."

Mimi sikucheka. Nikahamia kwake na trei ya mayai.

"Mdogo wangu, siku hizi umekuwa askari jela?"

"Kula."

"Mawili tena? Nitaanza kutaga!"

"Taga, ila umalize."

Mayai, maharage, maziwa, samaki. Nilikaa mbele yake mpaka sahani iwe nyeupe. Wiki ya sita vipimo vikapanda. Asubuhi ya upasuaji nikamwambia msimamizi wa wodi, "Mkiahirisha, huyu anakula leo hii hii." Akanikunjia uso, lakini saa tatu dada akaingizwa chumba cha upasuaji.

Siku ya tatu alisimama na fremu ya kutembelea, akapiga hatua nane hadi dirishani. Kidonda kikavu. Nililia mbele za watu, wala sioni aibu.

Kwenye kitanda cha jirani kuna bibi aliyewekewa nyonga, hana ndugu. Chakula chake wanakiweka miguuni, mkono haufiki, kisha mhudumu anakiondoa kama kilivyo.

"Unaangalia tu?" dada akanifokea.

Nikamsogezea bibi sahani, nikamwinulia mto, nikamwacha anakula. Nikaenda kwa msimamizi.

"Kazi ya nani kuhakikisha yule bibi anakula?"

Msimamizi akamtazama muuguzi. Muuguzi akamtazama mhudumu. Mhudumu akatazama ndoo yake.

Nikavuta kiti, nikaketi.

"Mimi sina haraka," nikasema. "Kazi ya nani?"