Mikate ya Mlangoni

"Nyumba ishirini za wateja, Mama," binti alisema, akipangusa unga mikononi. "Zisipofika idadi hiyo kufikia Jumamosi, tanuri nalizima. Watu siku hizi wananunua mkate dukani."

"Mkate wa dukani umelala siku tatu," mama yake akajibu. "Mimi nikilala siku tatu mtanizika, hamtaniweka mezani."

Binti alicheka, lakini hakubadili neno. Mama yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi, naye hakubadili lake.

Zamani, marehemu mumewe akioka mikate, yeye ndiye aliyesukuma baiskeli ya magurudumu matatu yenye sanduku la mbao. Kila nyumba ilitundika mfuko wa kitambaa mlangoni, naye alijua matakwa ya kila mfuko. Mwalimu mkuu alitaka mkate wenye ganda jeusi. Mama mwenye watoto saba alitaka ule mrefu. Na palikuwa na nyumba moja ambako asubuhi za baridi alikuta kikombe cha chai ya moto kizingitini, kimefunikwa kisahani. Hakuwahi kujua nani alikiweka.

Basi Jumatano alfajiri alioka mikate ishirini, kila mmoja kama alivyoukumbuka, akaitia mifukoni na kuitundika milangoni bila kumuuliza mtu. "Wakionja tu, watarudi," alisema.

Kabla ya adhuhuri, mwana wa mwalimu mkuu, mvi tayari zikimchungulia, aliingia na mkate wake mkononi.

"Shikamoo, bibi. Mkate wako umeungua."

"Marahaba. Haukuungua, mwanangu. Ndivyo anavyoupenda mwalimu mkuu."

"Baba alifariki mwaka juzi, bibi. Na mimi meno yangu mabovu."

Binti alijifunika uso kwa aproni. Habari nyingine zikafuata. Mama wa watoto saba sasa aliishi peke yake, na mkate mrefu ungemuotea ukungu. Nyumba tatu zilikuwa na wapangaji wapya waliodhani mfuko umesahauliwa na mpita njia. Hadi jioni, nyumba nne tu zilikubali kuletewa mkate kila siku.

Binti hakusema "nilikwambia." Alileta beseni la maji ya moto yenye chumvi, akamvua mama yake viatu. Bibi akatumbukiza miguu majini.

"Nimewapelekea marehemu mikate," alisema mwishowe. "Kesho nawatafuta walio hai."

Alhamisi alitoka bila mkate, akiwa na daftari na penseli tu. Alibisha hodi, akauliza: "Wewe, mwenyewe, unapenda upi? Saa ngapi?" Aliandika polepole, kwa herufi kubwa, maana shule aliiacha darasa la tatu. Mwana wa mwalimu: laini, bila ganda gumu. Mama wa kichanga: saa kumi na mbili, usibishe, mtoto amelala.

Jumamosi mchana daftari lilikuwa na nyumba kumi na tisa.

"Kumi na tisa si ishirini, Mama," binti alisema, bila kumtazama.

"Kuhesabu najua. Kule ghorofani, juu kabisa, sikumkuta mtu. Narudi."

"Na magoti je?"

"Magoti ni yangu, na ngazi haina haraka."

Alipanda ghorofa nne, akipumzika kila kona. Juu, mwanamke aliyevaa sare ya kazi alifungua mlango, funguo zikiwa bado mkononi.

"Bibi, samahani. Mimi asubuhi sili. Napiga funda la chai nakimbia."

"Ungekuwa na muda, ungekula?"

"Ningekula, lakini muda naupata wapi?"

"Basi nitakuletea nusu, iliyokatwa tayari na kupakwa siagi. Utakula ukitembea."

Mwanamke alimtazama bibi aliyekuwa akihema, akaegemea mlango, akacheka kicheko cha mtu aliyechoka. Aliingia ndani, akatoka na kiti.

"Kaa kwanza, bibi. Halafu uandike."

Bibi aliketi, akaweka daftari gotini, akaandika nyumba ya ishirini. Kisha akaanza kushuka, mkono ukutani, aende kumwambia binti aongeze unga.