Mwamba wa Apenisa

Kwetu Fiji, mtu wa bahari akifa, bahari nayo huwekwa matangani. Apenisa alipofariki, kijiji kilisimika mti kwenye mwamba ulio mbele ya nyumba yake, kikaufunga kitambaa, na tangu hapo ikawa mwiko kuvua pale. Mjane wake, Merewai, alilia huku akiona fahari.

Kumbe heshima nyingine ni upweke mtupu. Njia ya kwenda mwambani ilipita mlangoni pake. Zamani wanawake wenye vikapu walimpigia kelele asubuhi, "We Merewai, bado umelala? Unadhani pweza watakungoja?" Wakirudi walimwachia samaki, wakanywa chai, wakasengenya weee mpaka jua likawa kali. Sasa njia ilikuwa imeota nyasi. Alimpoteza mume, kisha kijiji kizima kikamsusa kwa adabu.

Siku ya kuondoa matanga alipika sufuria kubwa la magimbi, maana watu wakitoka kuvua wangepita kwake kula. Kisha akaenda mkutanoni. Mjane ndiye ang'oaye mti, na mwamba ukafunguliwa.

Lakini Isikeli, mkuu wa kijiji, alikuwa na neno.

"Shemeji," alisema, bakuli la yaqona, kinywaji chetu cha mizizi, likizunguka, "jana tumepiga mbizi pale. Pono wamerudi, wakubwa hivi! Tunaomba pabaki pamefungwa moja kwa moja, samaki wazaliane, wajukuu wetu wapate kitoweo. Tupaite kwa Apenisa. Ila mila ni mila, neno la mwisho ni lako."

"Na mimi niliyekwisha kunoa mkuki?" akadakia Viliame.

"Kaa chini wewe!" sauti ikatoka nyuma. "Hata samaki wa kwenye sahani wanakukimbia!"

Watu wakaangua kicheko. Merewai hakucheka. Alizifikiria zile nyasi. Neno "fungueni" lilikwisha kufika mdomoni. Ndipo akamkumbuka Apenisa akiwarudisha samaki wadogo majini, akiwaomba radhi mmoja mmoja.

"Pabaki," alisema.

Walimpigia makofi, wakamkumbatia, wakamsifu mpaka akaona haya. Mkutano ulipovunjika, wote walishika njia ya juu, wakaenda kuvua upande wa pili. Hakuna aliyemsindikiza, kwa kuwa njia ya kwake haikuwa tena ya kwenda popote.

Alifika nyumbani, akafunua sufuria, akatoa gimbi moja, akalila amesimama mlangoni. Yaliyobaki yalikuwa mengi mno.