Pengo Alimofia Shangazi

Mtakwimu alikuwa anapangusa makombo ya mkate kwenye kibodi pale waliofutwa kwenye utafiti walipobisha hodi. Mbele alikuwa fundi cherehani, nyuma yake dereva wa lori, kisha bibi harusi ambaye hakuiwahi harusi yake, na wengine hadi korido ikajaa. Wote walikuwa wamefia chumba cha wagonjwa mahututi, upande wa pili wa ukuta, na wote walikuwa bado na plasta shavuni, pale ulipobandikwa mpira wa kupumulia.

"Karibuni," alisema. "Viti havitoshi, tuvumiliane."

Kazi yake ilikuwa kuchambua rekodi ambazo mashine za wodini huziingiza zenyewe kwenye kompyuta: mapigo ya moyo, hewa, dawa. Daktari bingwa alitaka ionekane kama dawa yake mpya ya mapafu inaokoa watu. Agizo lake lilikuwa fupi: rekodi yenye pengo, itoke. Naye mtakwimu alizitoa.

Wa mwisho kuingia alikuwa shangazi yake, aliyemlea tangu hajaota meno.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mwanangu, umenifuta."

"Rekodi yako ilikuwa na pengo, shangazi."

"Mimi nilifia humo humo kwenye pengo. Umeme ulikatika, jenereta likagoma, mashine ikanyamaza. Nesi alinipulizia hewa kwa mkono mpaka akalia. Wewe ukaona nafasi tupu."

Mtakwimu aligeukia kompyuta. Aliyafungua mapengo yote, akayalinganisha na siku za umeme kukatika. Yaliingiana kama kufuli na ufunguo. Akawarudisha wote kwenye hesabu, mmoja mmoja, huku wakimtajia majina yao. Alipomaliza, dawa haikuwa imeokoa mtu. Lililoua lilikuwa jenereta bovu, ambalo kila mkurugenzi aliahidi kulitengeneza akaondoka.

Daktari bingwa alikuja, akapenya katikati ya marehemu akisema samahani, samahani. Akampa shangazi shikamoo yake, kisha akasoma kioo cha kompyuta.

"Watoe."

"Ni watu hawa, daktari. Si hawa hapa?"

"Nawaona. Lakini utafiti wangu ni wa mapafu, si wa umeme."

"Kwa hiyo tufunike kombe mwanaharamu apite?"

"Mwanaharamu ni nani hapa?" aliuliza bibi harusi.

Mtakwimu aligoma. Alikwenda kwa mkurugenzi, akagonga meza hadi kikombe kikaanguka, akawaita wauaji, yeye na bingwa wake. Mkurugenzi alimsikiliza mpaka mwisho, akaagiza kikombe kingine, akampa likizo. Akaletwa mtakwimu mwingine, mpole. Aliwafuta wote kabla ya chakula cha mchana.

Dawa ilisifiwa mikutanoni. Uongozi ukabandika tangazo: marehemu wavae beji za wageni na wasizibe korido.

Mtakwimu aliporudi kazini aliwakuta wamekaa kwa utaratibu, beji vifuani. Shangazi alikuwa amemwekea nafasi karibu na dirisha. Hawakuwa wamesalimiana vizuri umeme ulipokatika. Nyuma ya ukuta mashine zilinyamaza, moja baada ya nyingine, na nesi akasikika akiita watu wa kumsaidia.

Baadaye mlango ukabishwa. Aliingia mwanamume wa makamo, plasta mbichi shavuni, akauliza akae wapi.

Mtakwimu alisimama, akampa kiti chake.